Dume au jike? Pale wadudu waharibifu wanapokugomea kutambulika

Mzee mmoja wa jirani na Kibaigwa, Dodoma, alinisimamisha njiani, Februari, mahindi yakiwa yamefika magotini. Mkononi alikuwa na ndoo ya mtego wa kiwavijeshi vamizi, yule kiwavi anayetafuna mahindi na kukomaa kuwa nondo, na ndani yake nondo wakavu wa kujaza kiganja.

"Bwana shamba, hawa wote nimewaua mimi," akasema. "Mbona mahindi yanazidi kutafunwa?"

Tukawamwaga kwenye gazeti chini ya mbuyu, tukawageuza mmoja mmoja. Wote madume. Mzee alikuwa ametega vizuri, mahali panapofaa, kwa urefu unaotakiwa. Kosa lilikuwa letu sisi tuliogawa mitego bila kueleza kwamba chambo chake humwita dume peke yake, na dume hatagi yai hata moja.

Tangu siku ile, nikikaa na wakulima wa Kongwa na Chamwino, au na vijana wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo, naanzia hapo. Kabla hujahesabu umeua wangapi, jua umeua akina nani. Hapa chini nimeweka vikwazo ninavyoulizwa mara nyingi, kila kimoja na sababu zake na namna ya kutoka. Si wadudu wote wa Kanda ya Kati waliomo. Nimechukua wale ambao kujua jinsia yao kunabadilisha hatua utakayochukua.

Kabla ya yote: vifaa na utulivu wa mdudu

Mara nyingi kinachomshinda mtu si elimu, ni mdudu anayekimbia. Tafuta lenzi ya mkono inayokuza mara 10, brashi ndogo ya rangi ya maji, na sahani nyeupe isiyo na maua. Kwa fukusi, wale wadudu wadogo wanaotoboa nafaka, sahani nyeupe ni nusu ya kazi.

Ili mdudu atulie, mweke kwenye chupa yenye kifuniko, kisha chupa iingie kwenye friji kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Kwenye sehemu ya kugandisha dakika mbili au tatu zinatosha, ukizidisha utamuua. Asiye na friji afanye kazi hii alfajiri. Asubuhi za Juni na Julai Dodoma zina baridi ya kutosha kumfanya fukusi akunje miguu mwenyewe, na huo ndio wakati mahindi mapya yanaingia ghalani, kwa hiyo msimu unakusaidia.

Usitumie dawa ya kupuliza kumtuliza mdudu unayetaka kumchunguza. Hufa akiwa amejikunja, na ncha ya tumbo, ambayo ndiyo unayoitaka, haionekani tena.

"Fukusi wa mahindi wote naona sawa"

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na lina sababu zaidi ya moja.

Sababu ya kwanza ni kwamba huenda si wote ni fukusi. Gunia moja la mahindi lililokaa linaweza kuwa na fukusi, dumuzi na wadudu wekundu wa unga kwa pamoja. Mtu akianza kulinganisha fukusi na dumuzi, ataona tofauti kubwa, atasema huyu jike na huyu dume, kumbe ametenganisha aina mbili za wadudu. Fukusi ana mdomo mrefu unaotokeza mbele ya kichwa kama mkonga. Dumuzi hana. Yeye ukimwangalia kutoka juu, kichwa hukioni kabisa, kimefunikwa na kifua, na nyuma anaonekana kama amekatwa kwa kisu. Asiye na mkonga mtoe kwenye sahani kwanza.

Sababu ya pili ni kutazama ukubwa wa mwili. Kwa fukusi ukubwa unadanganya, maana unafuata punje aliyokulia. Aliyelelewa ndani ya punje ya mtama hutoka mdogo kuliko aliyelelewa ndani ya hindi, awe dume au jike. Dodoma, ambako mtama, uwele na mahindi hukaa nyumba moja, utakuta wakubwa na wadogo kwenye ungo mmoja. Usiwapange kwa ukubwa.

Sababu ya tatu, na hii ndiyo inayowakwamisha hata wenye lenzi nzuri, ni kumwangalia kwa pembe isiyofaa. Mlaze ubavu kwa brashi iliyolowanishwa kidogo, kisha tazama huo mkonga. Wa dume ni mfupi, mnene, na umejaa vishimo vilivyosongamana hadi karibu na ncha, kwa hiyo ni wa kukwaruza na haung'ai. Wa jike ni mrefu zaidi, mwembamba, umepinda kidogo, na sehemu ya mbele ni laini inayong'aa. Mwanga ukipita juu yake, wa jike unarudisha mng'ao na wa dume unaumeza.

Ukimshika mmoja peke yake, huwezi kujua kama mkonga huo ni mrefu au mfupi. Mrefu kuliko upi? Kwa hiyo weka fukusi ishirini kwenye sahani, watenge kwa mafungu mawili, na fungu la tatu la wale unaowatilia shaka. Rudi kwa wenye shaka mwisho, jicho likiwa limezoea. Wengi wao watajipanga wenyewe.

Kuhakikisha, tazama ncha ya tumbo ukiwa bado umemlaza ubavu. Ya dume inapinda kwenda chini. Ya jike inanyooka kwenda nyuma. Mkonga na tumbo vikikubaliana, andika. Vikipingana, mrudishe kwenye fungu la shaka, usilazimishe.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa kufundishia, hasa kwa wazee ambao macho yameanza kuwachoka. Subiri wapandane. Chukua jozi iliyokamatana, wa juu mweke chupa moja, wa chini chupa nyingine. Jozi tano hivi zinakupa mfano wa kulinganishia siku nzima. Fanya hivyo kwenye chombo chenye nafasi. Wadudu wa ghalani wakisongamana, dume anaweza kumpanda dume mwenzake, na mfano wako utakuwa umeharibika kabla hujaanza.

Kwa nini mkonga wa jike ni mrefu? Kwa sababu ndio chombo chake cha kazi. Jike hutoboa tundu kwenye punje, hugeuka, hutaga yai moja ndani, kisha huziba tundu kwa ute unaokauka ukafanana na ganda la punje. Ndiyo maana mama anaweza kuchambua mahindi yake kwenye ungo, akayaona safi, akayafunga, na wiki tano hivi baadaye akakuta yametoboka. Hakuwa mzembe. Mayai yalikuwa ndani tayari, mengine yaliingia mahindi yakiwa bado shambani, maana fukusi huruka.

Basi kama kwenye sampuli yako kuna majike, hata wachache, usijipe moyo kwamba kuwapepeta wanaoonekana kumemaliza kazi. Anika mahindi yakauke sawasawa, kisha yaingie kwenye mifuko isiyopitisha hewa na mdomo wake ufungwe vizuri. Humo, fukusi na kiwavi wake aliye ndani ya punje wote hukosa pumzi.

"Dumuzi simwelewi kabisa"

Hapa nasema wazi: shambani au ghalani usihangaike. Tofauti ya dume na jike wa dumuzi iko kwenye vinundu vidogo sana juu ya mdomo, na inahitaji hadubini na jicho lililofundishwa. Mdudu mzima ana milimita tatu hadi nne na nusu. Kwa lenzi ya mkono utapoteza siku.

Unachohitaji kujua ni tabia. Dumuzi alitoka Amerika ya Kati, akatambulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kutoka hapo akaenea nchini na kwa majirani. Kwake anayeita ni dume. Akipata chakula kizuri, hutoa harufu inayowavuta wenzake wa jinsia zote mbili waje walipo. Kwa hiyo mtego wa dumuzi wenye harufu hiyo ukijaa, humo mna majike pia, tofauti na mtego wa yule mzee wa Kibaigwa.

Nakuomba uishike tofauti hii kwa sababu inaeleza mengi. Harufu inayotengenezwa kwa kuiga jike humleta dume tu. Harufu inayotengenezwa kwa kuiga dume anayewaita wenzake kwenye chakula, kama kwa dumuzi na kwa fukusi wa mahindi, huleta wote. Ukinunua chambo, soma au uliza ni cha aina gani, kisha ndipo uhesabu.

"Fukusi wa kunde nawatofautisha, lakini rangi zinanichanganya"

Fukusi wa kunde, yule anayetoboa pia mbaazi, dengu na njugu mawe, ni mwalimu mzuri. Mtu akitaka kujifunza jinsia za wadudu kwa mara ya kwanza, namwanzisha naye.

Mabawa yake magumu ya juu ni mafupi, hayafiki mwisho wa mwili, kwa hiyo kipande cha mwisho cha mgongo kinabaki wazi. Tazama hapo. Jike ana mistari miwili mipana ya kahawia iliyokolea au nyeusi, mmoja kila upande, na katikati pamebaki mstari mweupe. Dume hana mistari hiyo, pamefifia rangi moja. Jike pia kwa kawaida ni mkubwa na mweusi zaidi, na madoa ya mabawani yanaonekana wazi. Ukishamwona mara moja, hata bila lenzi utamjua.

Sasa mkanganyiko wa rangi. Sababu moja ni kwamba aina hii ina maumbo mawili. Kuna umbo la kukaa ghalani, ambalo haliruki sana na hutaga mapema, na umbo la kuruka, ambalo hutokea kunde zikishasongamana viwavi na joto likapanda. Rangi na mistari ya wale wa kuruka haifuati maelezo niliyotoa hapo juu. Kama gunia limeliwa muda mrefu hadi linatoa joto ukiingiza mkono, usichukue sampuli humo. Chukua kwenye kunde zilizoanza kutobolewa karibuni.

Sababu nyingine ni mchanganyiko na ndugu yake wa karibu, ambaye naye hupatikana kwenye kunde, dengu na choroko. Kwa huyo tazama vipapasio badala ya mgongo. Dume ana vipapasio vyenye meno marefu kama kitana, jike vyake vina meno mafupi kama ya msumeno. Ukiona kitana, basi umeshajibiwa maswali mawili kwa pamoja: aina na jinsia.

Swali linalofuata huwa gumu zaidi. Kijana mmoja aliyekuwa anafanya jaribio la dawa za asili alinijia amevunjika moyo. Alitenga majike peke yao kwenye chupa yenye kunde, bila dume hata mmoja, na bado mayai yakatokea na kunde zikatobolewa. Alidhani amekosea kutambua jinsia. Nikatazama chupa zake: alikuwa sahihi kwa kila mdudu.

Kilichotokea ni kwamba jike wa fukusi wa kunde hupandwa mapema mno, mara nyingi ndani ya saa chache tangu atoke kwenye punje. Jike yeyote unayemwokota anatembea juu ya kunde, mhesabu ameshapandwa. Ukitaka majike ambao hawajapandwa, lazima umpate kabla hajakutana na dume. Chagua kunde zenye yai moja moja lililogandishwa juu ya ganda, weka kila punje peke yake kwenye kichupa, ufunike kwa kitambaa chepesi, na usubiri. Atakayetoka ametoka peke yake. Mtazame mgongo, mwandike.

Mayai yenyewe nayo yanasema. Yai likishaanguliwa, kiwavi hutoboa kuingia ndani ya punje na kusukumia vumbi lake nyuma, likajaza ganda la yai. Hapo yai linakuwa jeupe kama tone la chokaa. Yai lisiloanguliwa hubaki la kung'aa, unaona punje kupitia kwake. Ukiwa na majike peke yao na mayai yote yamebaki ya kung'aa, inaelekea hawakupandwa. Yakigeuka meupe, walishapandwa kabla hujawapata.

Na kwa mkulima anayeuliza "niwatoe madume basi?", jibu ni hapana, haisaidii. Fukusi huyu mzima hali kunde zako, huishi siku kumi hadi kumi na nne tu, na anayetoboa ni kiwavi aliye ndani. Hasara yote imeandikwa kwenye yale madoa meupe. Kunde zenye madoa meupe zisipandwe, zisifungwe pamoja na safi.

"Nondo wa mtegoni hana alama iliyosemwa"

Turudi kwa kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa Afrika mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017. Maelezo yanayotolewa ni kwamba dume ana doa jeupe la pembetatu kwenye ncha ya bawa la mbele na alama ya duara refu la rangi ya mchanga katikati, na jike ana bawa la kijivu na kahawia lisilo na alama za wazi. Bawa la nyuma ni jeupe la fedha kwa wote wawili. Maelezo ni sahihi. Tatizo ni kwamba nondo uliye naye mara nyingi hafanani na picha.

Kinachotokea mara nyingi zaidi ni kwamba vumbi la mabawa limekwisha. Rangi zote za nondo ziko kwenye unga ule unaokubakia vidoleni. Nondo aliyepigapiga ndani ya ndoo usiku kucha, akakaushwa na jua la mchana, anabaki na bawa tupu. Dume wa namna hiyo anaonekana kama jike kabisa. Kagua mtego asubuhi mapema, na usimshike kwa vidole, mshike kwa kibanio au mbebe kwa karatasi.

Inawezekana pia si yeye. Chambo cha kiwavijeshi vamizi huvuta na nondo wengine wa jamii ya karibu, hasa mmoja mwenye mabawa ya rangi ya majani makavu yasiyo na mabaka. Huyo naye ni dume, ila si wa aina unayoitafuta. Mwenye kuhesabu kila aliyemo ndooni atapeleka takwimu za uongo bila kukusudia, na maamuzi ya kata nzima yatajengwa juu yake.

Kama mabawa yamechakaa, nenda kwenye tumbo. Kwa nondo aliyekufa karibuni, bonyeza taratibu pande mbili za tumbo karibu na ncha. Dume atafungua vibanio viwili vya pembeni, kama koleo ndogo, ambavyo humshikia jike. Jike hatoi koleo. Atasukuma nje kimrija laini chenye ncha yenye vinyweleo, ambacho hutagia. Njia hii inafaa kwa nondo karibu wote, hata wale wa funza wa vitumba wanaoharibu alizeti, mbaazi na dengu. Kwa hao wa vitumba rangi nayo husaidia wakiwa wapya: dume huelekea ukijani wa kijivu, jike huelekea rangi ya chungwa iliyochanganyika na kahawia.

Kwa mwenye lenzi kali, kuna ushahidi usiofutika hata unga ukiisha. Geuza nondo, tazama pale bawa la nyuma linapoungana na la mbele. Dume ana unywele mmoja mnene unaounganisha mabawa. Jike ana nywele kadhaa nyembamba. Nimewahi kumaliza ubishi wa mezani kwa unywele huo.

Na ukikuta jike kweli ndani ya mtego? Usiseme chambo kimebadilika. Ameingia kwa bahati, labda ametafuta kivuli au amevutwa na taa ya karibu. Lakini kama majike ni wengi, chunguza kama kuna taa juu ya mtego.

Sasa swali la mzee. Mtego unakueleza kwamba nondo wamefika, basi. Hauwezi kukueleza kwamba mayai ni machache, kwa sababu waliobaki nje ni majike wote na madume ambao hawakuingia, na dume mmoja hupanda majike zaidi ya mmoja. Jike mmoja anaweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja katika maisha yake, kwa mafungu ya mia moja au mia mbili, akayafunika kwa manyoya anayoyatoa tumboni mwake. Kwa hiyo siku ukiona madume yameanza kuingia ndooni, anza kukagua mimea. Pita shambani kwa njia ya kupinda kama herufi W, simama sehemu tano, geuza majani ya mimea kumi hadi ishirini kila sehemu. Fungu la mayai lenye manyoya ya kijivu litoe na ulisage papo hapo. Hilo ndilo jike umemkamata. Mzee tulifanya naye hivyo asubuhi ileile, na fungu la kwanza alilipata yeye.

Kantangaze wa nyanya anafuata kanuni ileile: mtego wa harufu humleta dume, jike mwenye tumbo nene la rangi ya maziwa anabaki kwenye majani.

"Nimejaribu kumtambua kiwavi nikashindwa"

Hujashindwa wewe. Kiwavi hatambuliki jinsia kwa macho ya kawaida shambani. Viungo vyake havijajitokeza. Wanaosema kiwavi mnene ni jike na mwembamba ni dume wanapima shibe.

Subiri awe pupa, ile hatua ya kujifunga kabla hajawa nondo. Chimba taratibu chini ya shina lililoliwa, sentimita mbili hadi nane, utapata pupa wa kahawia nyekundu anayeng'aa, urefu wa kama sentimita moja na nusu. Mgeuze tumbo juu, tafuta ncha yenye miiba midogo, kisha tazama pingili zilizo karibu nayo kwa lenzi. Kuna ufa wa haja kwenye pingili ya mwisho kabisa, na juu yake ufa mwingine mdogo wa uzazi. Kwa dume, ufa wa uzazi uko karibu na ule wa haja, na umezungukwa na vinundu viwili vilivyotuna. Kwa jike, uko mbali zaidi kuelekea kichwani, na hapana vinundu. Umbali huo ndio wa kuutazama, kuhesabu pingili kunachosha na wengi hukosea.

Njia hii inawafaa sana wanaofuga nondo kwa majaribio, maana unatenga dume na jike kabla hawajatoka na kupandana.

"Mtego wa embe umejaa, maembe bado yana funza"

Inzi wa matunda aliyetoka Asia, aliyeonekana Kenya na Tanzania mwaka 2003, ndiye anayesumbua maembe yetu. Jike ana tumbo linaloishia kwa mwiba mkali, wa kutobolea ganda la tunda. Dume tumbo lake limeviringana.

Ukiona mwiba hauonekani na unadhani ni jike, huenda ameuvuta ndani. Bonyeza tumbo kidogo, utatokeza. Kwa dume, lenzi itakuonyesha safu ya nywele ngumu pembeni mwa tumbo, kila upande.

Mtego wa methili yujenoli, kemikali yenye harufu, huwavuta madume peke yao, na kwa nguvu sana. Ukining'iniza mmoja kwenye mwembe mmoja, majike wa jirani walioshapandwa wanaendelea kutoboa. Njia hiyo hufanya kazi majirani wengi wakitega kwa pamoja na mapema, madume wakapungua hadi majike wakose wa kuwapanda. Kwa jike mwenyewe, tumia chambo cha protini, maana anaihitaji ili mayai yake yakomae. Na okota maembe yaliyoanguka kila siku, yafukie chini sana au yafunge kwenye mfuko mweusi juani.

"Sioni dume hata mmoja"

Kwa wadudu mafuta wa karanga, usitafute. Katika joto letu wanaojaza vikonyo vya karanga ni majike wanaozaa bila dume, na wanazaa watoto hai, si mayai. Mtoto anazaliwa akiwa tayari na wajukuu njiani tumboni. Ndiyo maana shamba lililokuwa safi Jumatatu linaweza kuwa limejaa wiki inayofuata, na nyuma yao unakuja ugonjwa wa karanga kudumaa na kuwa njano, ambao wanausambaza wao. Mwenye mabawa naye ni jike. Ametokea kwa sababu wamesongamana na anahamia shamba lingine.

Kwa vidung'ata wa zabibu, wakulima wa Makutupora na Hombolo wanawajua kwa pamba nyeupe chini ya magome na kwenye vishada. Pamba ile ni majike na watoto. Dume yupo, ila huwezi kumdhania kuwa ndugu yao: ni kijidudu chembamba chenye mabawa, hana mdomo wa kulia, anaishi siku chache tu. Ukimwona amenasa kwenye karatasi ya gundi, ujue majike wako karibu. Fuata sisimizi wanaopanda shina, watakupeleka.

Panzi, nzige na mbung'o

Hapa ni rahisi. Jike wa panzi na nzige ni mkubwa, na mwisho wa tumbo ana makucha magumu yanayofunguka na kufunga, ya kuchimbia udongo anapotaga. Dume mwisho wa tumbo umepinda juu kama ncha ya kiatu cha zamani. Wanaoishi karibu na bonde la Wembere, ambalo ni moja ya mazalia ya nzige wekundu, wakiona majike wamezamisha matumbo ardhini, waweke alama mahali hapo na watoe taarifa kwa afisa kilimo siku hiyohiyo.

Mbung'o wanaowasumbua wafugaji wanaopitisha mifugo kwenye mapori, dume ana kinundu cha duara kama kifungo chini ya ncha ya tumbo, jike pako bapa. Wote wawili hunyonya damu, tofauti na mbu, kwa hiyo usimdharau dume. Unguja, kati ya 1994 na 1997, madume waliofanywa tasa waliachiwa kwa wingi hadi mbung'o wakatoweka kisiwani, kwa sababu jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu.

Ukishindwa kabisa, peleka sampuli isiyoharibika

Fukusi, inzi, panzi na vidung'ata watumbukize kwenye kichupa chenye spiriti ya duka la dawa. Nondo usimtie kwenye spiriti, rangi zitakwisha. Mkaushe kivulini na umkunje ndani ya karatasi, mabawa yakiwa yametulia. Pupa mpeleke hai, kwenye kopo lenye udongo mkavu na kifuniko kilichotobolewa. Weka wadudu kumi au zaidi, maana mmoja hatoshi kulinganisha. Ndani ya kichupa chenyewe tia karatasi iliyoandikwa zao, kijiji, tarehe, na kama walitoka mtegoni, kwenye jani au ghalani. Andika kwa penseli, wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti.